Mama mkwe ananipeleka baa ya mvinyo mchana. Nikae vipi?

Shikamoo dada mshauri,

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, Msukuma wa Shinyanga. Ninaishi Lyon, Ufaransa, na mke wangu ambaye ni mzaliwa wa huku huku. Tulifunga ndoa mwaka jana. Baba mkwe alifariki kabla sijamfahamu mke wangu, kwa hiyo upande wake amebaki mama peke yake. Ni mwalimu mstaafu, mchangamfu, anaishi Croix-Rousse, ule mtaa wa juu kilimani.

Kwa jinsi nilivyolelewa, mama mkwe ni mtu wa kukaa naye mbali kwa heshima. Humkazii macho, humtaji jina, na kula naye uso kwa uso ndiyo kabisa haifikiriki. Kaka yangu mkubwa mpaka leo akisikia mama mkwe wake yuko uani, anatokea mlango wa nyuma. Sasa dada, mama mkwe wangu mimi amenialika chakula cha mchana, mimi na yeye tu, maana mke wangu Jumamosi huwa kazini hospitali. Na mahali penyewe ni baa ya mvinyo.

Nilipomsimulia baba mdogo kwenye simu alinyamaza kwanza, kisha akauliza: "Mama mkwe anakupeleka baa? Mchana?" Nikageuza mazungumzo, nikamuuliza habari za mvua.

Nilikwenda, kwa sababu mke wangu alisema nikikataa mama ataumia. Pale ni padogo, meza chache za mbao, chupa zimepangwa ukutani mpaka darini na bei imeandikwa kwa kalamu nyeupe juu ya kioo cha kila chupa. Menyu haishikiki mkononi. Mhudumu anabeba ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki, anauegemeza kwenye kiti, unasoma. Mwenye duka alimbusu mama mkwe mashavuni, mimi nikampa mkono.

Mama aliagiza mayai ya kuchemsha yenye mayonezi, kisha ubao wa jibini na soseji kavu wa kula wote wawili. Ubao mmoja, dada! Mkono wangu na wake sehemu moja. Nilikuwa nasubiri achukue yeye, arudishe mkono, ndipo na mimi nichukue. Baadaye ikaja quenelle yangu, kitu laini cha samaki ndani ya mchuzi. Yeye alikunywa glasi moja ya mvinyo mweupe, kisha moja ya mwekundu. Kanisa nililokulia hatunywi pombe, nami sijawahi kuonja. Alipotaka kuniagizia nikasema kwa upole, "Leo hapana, asante." Nikaomba Coca-Cola, hawakuwa nayo, nikaletewa maji ya gesi.

Alinitaka nimwite jina lake. Sikuweza. Nilikula macho yangu yakiwa kwenye sahani, mikono nikiiweka chini ya meza nikiwa sili, nikajibu kila nilichoulizwa, na nikamaliza chakula chote ili asidhani sikukipenda. Nilimaliza yeye akiwa hajafika hata nusu. Tukakaa. Hakuna aliyeleta bili. Nikakumbuka kwamba mkwe hamwachi mama alipe, nikajifanya naenda msalani, nikalipa kaunta kimya kimya, nikarudi nikamwambia, "Mama, tayari." Ilikuwa haijatimia saa nane.

Siku mbili baadaye mke wangu akaniambia mama amempigia simu na kumuuliza: "Nimemkosea nini mume wako?"

Dada, nilishangaa. Kila nilichofanya pale nilikifanya kwa heshima. Sasa amenitumia ujumbe mwingine: twende tena palepale, Alhamisi ile mvinyo mpya wa Beaujolais unapotoka mwezi wa Novemba, na amemwomba mwenye duka aniwekee chupa. Nikubali? Nikikataa, nikatae vipi? Na mtu asiyekunywa anakaaje mezani saa mbili tatu mahali kama pale?

Mkwe asiyekunywa, Lyon

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimecheka pale kwenye ubao wa jibini. Nimeishi huko Ufaransa miaka mingi, ubao huo naujua.

Tuanze na swali la mama, maana ndilo zito kuliko yote uliyoniuliza: amekukosea nini? Yule mama hakuwa anauliza kwa hasira. Alirudi nyumbani akiwa na uhakika kwamba mkwe wake alikuja kwa kulazimishwa na akaondoka mara tu alipopata nafasi. Kaa kwenye kiti chake uone alichokiona yeye.

Uliinamisha macho. Mezani kwao, glasi zinapogongana mnatazamana machoni, na wanalichunga hilo kweli kweli. Anayetazama pembeni anataniwa, na anayetazama sahani mlo mzima anaonekana ana jambo moyoni. Uliweka mikono chini ya meza. Mtoto wa Kifaransa akifanya hivyo anakemewa, kwa sababu kwao mikono hukaa juu, vifundo vikiegemea ukingo wa meza, hata kama huli. Ulijibu ulichoulizwa ukanyamaza. Kwetu huyo ni kijana aliyelelewa. Kwake yeye, mtu anayejibu tu na hapachiki swali lake hata moja hana hamu ya kumjua aliye mbele yake. Kisha ukamaliza kula upesi, na hapo ukamwacha anatafuna peke yake huku unamtazama, au tuseme huku humtazami.

Halafu ile bili. Hapa, mdogo wangu, ndipo alipoumia hasa. Mfaransa akikuambia anakualika mahali, tayari ameshasema nani atalipa. Hilo halijadiliwi tena mwishoni. Alikuwa amechagua siku na meza, na pengine amemwambia mwenye duka kwamba anamleta mkwe wake. Wewe ukaenda msalani ukamnyang'anya zawadi yake kabla hajaikabidhi. Najua kwa nini ulifanya. Mkwe anayemwacha mama atoe pochi Shinyanga angesemwa mpaka vikao vya ukoo. Ila kulipa kule, kabla ya kahawa na kabla ya kitu kitamu cha mwisho, mbele ya mwenye duka anayemjua, kulisema jambo moja tu: tuondoke.

Na hakuna aliyeleta bili kwa sababu hakuna atakayeileta. Mhudumu wa Kifaransa akikuwekea bili mezani hujaiomba, amekufukuza. Meza ukishaikalia ni yako. Jikoni kwa kawaida wanafunga saa nane au saa nane na nusu, na ndiyo maana watu wanafika saa sita na nusu au saa saba kasorobo, lakini kufungwa kwa jikoni hakumwondoi mtu kitini. Sahani zinaondoka, makombo ya mkate yanabaki juu ya mbao, mtu anaomba kahawa, mazungumzo yanaendelea. Wewe uliona saa nane ukadhani mmechelewa kuondoka. Mama aliona saa nane akadhani sasa ndiyo mnaanza.

Fikiria baraza la kahawa kule pwani. Nani huenda barazani kwa sababu ana kiu? Kikombe ni kidogo, kahawa ni chungu, na mtu anaweza kukaa nacho tangu laasiri mpaka magharibi. Muuza kahawa naye hakuulizi utaondoka lini. Baa ya mvinyo ya mchana inakwenda hivyo hivyo. Glasi ina sentilita 12 au zaidi kidogo, inanywewa kwa kuonjwa, na katikati kuna mkate, yai, jibini, kisa cha jirani, ubishi kuhusu meya. Glasi mbili za mama mkwe wako kwa mlo mzima wenye mkate na samaki ni jambo la kawaida kabisa kwa umri wake na mji wake. Nadhani umeona mwenyewe aliondoka kwa miguu yake vizuri tu.

Wafaransa wanalichukulia jambo hili kwa uzito kiasi kwamba walilipeleka UNESCO. Mlo wao, na utaratibu wake wa kukaa pamoja, uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwezi Novemba 2010, na kikao chenyewe kilifanyika Nairobi. Kilichoandikwa pale ni mlo wa sherehe, wa harusi na siku za kuzaliwa, wala si ubao wa jibini wa Jumamosi. Lakini tabia ni ileile, imepunguzwa tu sahani.

Sasa baba mdogo. Yeye akisikia baa anaona viti vya plastiki, muziki wa juu, nyama choma na watu wanaokupigia meza. Mwache na picha yake, usimlaumu. Ila ujue kwamba Lyon ni mji ambao mwanamke kwenye nyumba ya kula na kunywa si aibu. Mji huo sifa yake ya chakula imejengwa kwa sehemu kubwa na wanawake waliokuwa wapishi kwenye nyumba za matajiri, kisha wakafungua mikahawa yao wenyewe. Wanaitwa "akina mama wa Lyon". Mmoja wao, Eugénie Brazier, mwaka 1933 alikuwa na nyota 3 za kitabu cha mikahawa cha Michelin, daraja lake la juu kabisa, kwenye kila mmoja wa mikahawa yake miwili kwa wakati mmoja. Mama mkwe wako amekulia kwenye mji unaowakumbuka wanawake hao kwa majina. Kukupeleka pale ni kama kukukaribisha sebuleni, na nadhani ndivyo alivyokusudia: nyumbani kwake angekuwa mpishi anayeinuka kila dakika, pale anaweza kukaa akakutazama.

Kuhusu pombe, nakusihi ubadilishe sentensi. Ulisema "leo hapana". Kwetu ni adabu, hatumkatalii mkubwa waziwazi. Kwa Mfaransa ina maana siku nyingine ndiyo, na ndiyo sababu sasa kuna chupa inakusubiri. Mama hakusukumi, anakumbuka ulichomwambia. Mwambie moja kwa moja: "Mimi sinywi pombe." Basi. Sema mara moja, kwa tabasamu, bila hotuba ya dini na bila kuomba radhi. Utashangaa jinsi mambo yanavyokuwa mepesi. Kinachowakera mezani ni mtu anayekataa kila kitu kwa sura ya kuwahukumu wengine.

Kisha kunywa kitu chenye ladha. Maji ya gesi yanafaa, lakini nyumba nyingi za namna hiyo zina juisi ya zabibu iliyokamuliwa na wakulima walewale wa mvinyo, na nyingine wana juisi ya tufaha au limonadi ya kienyeji. Uliza nayo imetoka wapi, kama mama anavyouliza kuhusu glasi yake. Na juu ya meza omba jagi la maji ya bomba. Kwa sheria ni bure kwa anayekula, kama ulivyo mkate, na tangu 2022 mikahawa inatakiwa kuonyesha hilo kwenye menyu au kwenye tangazo. Hakuna anayekudharau kwa kuomba. Matajiri wenyewe wanaomba.

Jambo ambalo hukuniuliza: mvinyo uko pia ndani ya sufuria. Nyama ya ng'ombe ya mtindo wa Burgundy inachemka kwenye mvinyo mwekundu saa nyingi. Mayai yanayoitwa meurette yanaogelea kwenye mchuzi wa mvinyo huohuo, na mara nyingi yana vipande vya kitimoto. Hata ile jibini laini ya majani ya Lyon, cervelle de canut, wengi wanaitia mvinyo mweupe kidogo. Jina lake linatokana na wafumaji hariri wa kilimani kule anakoishi mama mkwe wako. Kama kwenu mvinyo uliopikwa nao mnauepuka, uliza kabla ya kuagiza. Mwenye duka atakujibu bila kukunja uso, maana swali la kilichomo kwenye chakula ndilo swali analolipenda kuliko yote. Quenelle yako ilikuwa chaguo zuri: ni unga, siagi, mayai na samaki wa mtoni, na mchuzi wake wa kawaida, ule wa Nantua, unatokana na kamba wadogo wa maji baridi. Ila wapishi wengine wanautia mchuzi mvinyo kidogo, kwa hiyo hata hapo uliza.

(Naweka mabano kwa wasomaji Waislamu ambao najua mtaniandikia. Kwa aliyefundishwa kwamba hata kukaa kwenye meza inayonywewa mvinyo haifai, jibu langu lingekuwa tofauti: mwambie mkweo mapema, umpendekezee mahali pengine pa kukaa saa mbili, na nyumba za chai na keki ziko kila mtaa wa Lyon. Mwenye barua hii hana kizuizi hicho, kwa hiyo namjibu yeye.)

Turudi kwenye jina. Mama amekuomba umwite jina lake na ulimi umekataa. Usiulazimishe. Kuna wakwe wa Kifaransa wenyewe wanaoona ugumu huohuo, na njia yao wanayoitumia ni kumwita belle-maman. Ni neno la kawaida la familia, lina upole, na wewe utakuwa umemwita mama bila kulitaja jina. Wengine wanaliona la kizamani kidogo, kwa hiyo muulize kama analipenda. Swali hilo peke yake litamfurahisha. Kuhusu kubusu mashavu, Lyon watu husalimiana hivyo wakikutana na wakiagana, lakini hilo sikulazimishi. Mpe mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukiushika wa kulia kiwikoni kama ufanyavyo kwa mkubwa nyumbani, halafu umweleze maana yake.

Na kumweleza ndiko hasa ninakotaka kukupeleka. Mkeo asiwe mkalimani wenu katika hili. Safari ijayo, mkishaagiza, kabla sahani hazijafika, mwambie mwenyewe: "Nyumbani kwetu nisingeweza kukaa hapa. Kunyamaza kwangu siku ile, na kuinamisha macho, ilikuwa heshima kwako." Msimulie kaka yako anavyotokea mlango wa nyuma. Simulia vizuri, weka uani, weka kuku, weka shemeji anavyocheka. Mwalimu mstaafu akipewa kisa kama hicho hatakuacha mpaka kahawa. Atauliza na wanawake je, na baba mkwe je, na ikinyesha mvua na mlango ni mmoja je? Hapo swali lako la mtu anakaaje saa mbili tatu litakuwa limejijibu.

Ukiishiwa maneno, chakula chenyewe ni mazungumzo. Kwetu mtu akizungumzia sana chakula anaonekana mlafi, kwao ni kinyume. Muulize mwenye duka jibini ile inayokaribia kumwagika kwenye ubao inaitwaje. Huenda ni Saint-Marcellin, ya maziwa ya ng'ombe, inatoka upande wa milima ya karibu. Kikiwepo kipande cha jibini chenye umbo la pembetatu, usikate ncha, kata kwa ubavu, maana ncha ndiyo tamu na ni ya wote. Muulize mama kwa nini ile chupa ya mvinyo wa mezani ya Lyon ina kitako kinene hivyo na inaingia sentilita 46 tu, halafu kaa kitako usikilize, kwa sababu kila mtu wa Lyon ana maelezo yake na hawakubaliani. Mji wenu uko katikati: kaskazini ni vilima vya Beaujolais vyenye zabibu za Gamay, kusini ni bonde la Rhône lenye Syrah. Huhitaji kuonja ili umuulize mtu anapenda upande upi na kwa nini.

Akikubishia, usirudi nyuma. Nimewaona Watanzania wengi huko wakitishika mkwe au bosi anaposema "sikubaliani na wewe" huku anapaka siagi kwenye mkate. Hajakasirika, amechangamka. Bisha kidogo na wewe.

Na usimalize kabla yake. Weka uma chini kila baada ya matonge machache. Kama unahitaji kuondoka saa tisa, mwambie mapema mnapokaa, "belle-maman, nina mpaka saa tisa," na hakuna atakayejeruhiwa. Kinachojeruhi ni mtu kutazama simu saa saba na nusu.

Pesa usiipiganie tena. Mama akialika, analipa mama. Unashukuru, na siku inayofuata unamtumia ujumbe wa shukrani. Baadaye mwalike wewe, palepale au pengine, na umwambie waziwazi unapomwalika kwamba safari hii ni yako. Kwa chakula cha mchana mahali kama hapo, sahani mbili kwa bei ya pamoja mara nyingi ni euro 20 na ushee kwa mtu, glasi ni juu yake. Huduma tayari imo ndani ya bei kwa sheria, kwa hiyo ukiacha sarafu mbili tatu inatosha. Ila haki iwe pande zote: na yeye ana safari ya kuja kwako. Mpikie. Mnawishe mikono, muonyeshe tonge linavyofinyangwa, na siku hiyo aone yeye inavyokuwa mtu asipojua mkono wa kushoto uwekwe wapi.

Sasa Alhamisi ile. Usiende, na nitakuambia kwa nini. Beaujolais mpya hutoka Alhamisi ya tatu ya Novemba kila mwaka. Ni mvinyo wa zabibu zilizovunwa mwisho wa kiangazi kilekile, unanywewa ukiwa mchanga, na siku hiyo baa za mvinyo za Lyon hufurika. Watu wamesimama mpaka barabarani, glasi zinagongana, mwenye duka hana hata dakika ya kukueleza jibini. Ni siku ya kufurahia kwa wanaokunywa. Kwa mtu asiyekunywa anayejaribu kumweleza mama mkwe wake habari za mlango wa nyuma, utakuwa unapiga kelele sikioni mwake.

Mpigie simu wewe mwenyewe, usimtume mkeo na usiandike ujumbe. Mwambie unashukuru kwa chupa lakini hunywi pombe kabisa, amwombe mwenye duka aiuze au wampe mkeo. Mwambie ungependa mkae palepale Jumamosi inayofuata, saa sita na nusu, meza ileile, na kwamba una kisa cha kumpa. Akikubali, aweke nafasi mapema, kwa sababu mahali penye meza chache Jumamosi hujaa kabla ya saa saba.